911 haijabadilika? Kapime kwanza

Kila Porsche ya Ujerumani inapotoa toleo jipya la 911, gari lake la michezo, wanazuka watu wa aina mbili. Wa kwanza anasema ni ileile ya 1963. Wa pili, mjuaji zaidi, anasema hata hiyo ya 1963 ilikuwa Volkswagen Beetle iliyovutwa.

Huyu wa pili tummalize haraka. Beetle ina milimita 2400 toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. 911 za mwanzo zina 2211. Kitu kikivutwa kinafupikaje? Injini ya Beetle ni silinda nne. Ya 911 ni sita, kemshafti (vyuma vinavyofungua vali) ziko juu na zinazungushwa na cheni. Mbele Beetle ina tosheni (vyuma vinavyojisokota badala ya springi) zilizokingama, 911 ina strati za MacPherson, nguzo zenye shokamzoba ndani, na tosheni zinazofuata urefu wa gari. Kilichobaki kufanana ni injini kukaa nyuma ya ekseli na kupozwa kwa hewa. Kwa kigezo hicho Tatra, gari la Kicheki, nayo ni Beetle, na Wacheki watakwambia kinyume chake ndicho kweli.

Uvumi huu umelishwa na ukoo. Babu, Ferdinand Porsche, ndiye wa Beetle. Mwanawe Ferry akaendesha kampuni. Mjukuu, Ferdinand Alexander, au Butzi, ndiye anayepewa sifa ya umbo la 911. Hapo kwenye sifa mimi nasita kidogo. Erwin Komenda, aliyechora bodi ya Beetle na ya 356, Porsche iliyotangulia 911, alikuwa bado mkuu wa usanifu wa bodi za magari pale kiwandani. Gari la majaribio la Butzi, T7, lilikuwa na pua ya 911 kabisa, lakini mkia wake ulikuwa mwingine, kwa sababu lilitakiwa kubeba watu wanne sawasawa. Ferry ndiye aliyekataa: viti viwili na viwili vidogo, umbali wa ekseli usizidi sana mita 2.2, na mgongo uteremke kama wa 356. Basi mgongo ambao ndio 911 yenyewe machoni pa watu ulitoka kwa mchoraji au kwa amri ya bosi? Vitabu vingi hupita hapa mbio.

Sasa turudi kwa yule wa "ileile". Anachokiona ni paa na madirisha, na hapo hajakosea. Kioo cha mbele cha 911 ya 1965 kinaingia kwenye 911 ya 1994, kizazi ambacho Porsche hukiita 964. Wala si mapenzi ya urithi. Kalibu za kukandamiza paa na milango ni ghali mno, na Porsche ilikuwa kampuni ndogo. Jicho hulitambua gari kwa madirisha, kwa hiyo linadanganyika. Shuka chini ya kioo uone.

Anza na matoleo ya 1969, yaliyokuja kutibu ugonjwa wa 911 za mwanzo. Injini imening'inia nyuma ya ekseli. Ukiingia kona kwa kasi kisha ukaachia mafuta ghafla, uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinapoteza mshiko na mkia unataka kutangulia. (Uzito huohuo ni baraka kwenye tope: Vic Preston Jr alimaliza Safari Rally ya 1978 wa pili akiwa na 911.) Dawa ya kwanza ilikuwa aibu tupu, vyuma vizito vilivyofichwa kwenye bampa ya mbele. Dawa ya kweli ikaja kwa kurefusha mikono ya nyuma, ile inayoshika magurudumu: magurudumu yakasogea nyuma milimita 57, umbali ukawa 2268, injini ikabaki palepale. Betri nayo ikagawanywa kuwa mbili, moja kila pembe ya mbele.

Kulitambua gari refu ni rahisi. Mbele ya gurudumu la nyuma, chini ya mlango, kuna kifuniko cha duara cha tosheni. Kwenye gari fupi ukingo wa fenda unakaribia kukigusa. Kwenye refu pengo limeongezeka kama vidole vitatu. Ukinunua fenda ya nyuma ya 1970 ukaichomelea kwenye gari la 1967, gurudumu litakaa kando ya tundu lake, na hakuna rangi itakayoficha hilo.

1974, bampa. Marekani ilitaka bampa ihimili kugonga kwa maili 5 kwa saa bila kuumia, ikaja alumini yenye mikunjo ya raba, na boneti ikafupishwa kuipisha. Boneti ya 1973 haifungi hapo, usihangaike. Turbo ya 1975 ilipanua fenda kwa sababu ya tairi pana. 964 ikatupa tosheni, ikaweka springi za kawaida, na spoila inayonyanyuka yenyewe gari likifika kilomita 80 kwa saa. Kizazi kilichofuata, 993, kilichochorwa na Tony Hatter, kikalaza taa.

Kisha 1997 ikaja 996. Maji badala ya hewa, rejeta mbele, paa jipya, kioo kipya, milimita 2350 kati ya ekseli. Kampuni ilikuwa imechungulia kaburi miaka michache nyuma, kwa hiyo milango, boneti na fenda za mbele ziligawana na Boxster, Porsche nyingine ya bei nafuu zaidi, na indiketa ikaunganishwa na taa kubwa kuwa kitu kimoja cha kupachika haraka. Ndiyo ile taa iliyobatizwa yai la kukaanga. Watu walilalamika mpaka 997 ya 2004 ikarudisha taa za mviringo.

Na wanaolalamika hadi leo kwamba 996 iliharibu 911 ndio haohao wanaosema 911 haijabadilika. Iegeshe ya kwanza, upana milimita 1610, kando ya kizazi cha 992 chenye 1852. Tepu ya fundi cherehani inatosha.