Vikombe Haviendeshi Timu: Dhana Potofu za Madereva Wanaotaka Kuwa Wamiliki

Karibu kila dereva anayeleta gari lake la rali kwenye gereji yetu hapa Arusha huishia kuniambia kwamba akichoka kuendesha ataanzisha timu yake, na kwamba timu hiyo itafanikiwa kwa sababu yeye mwenyewe anajua kushinda. Hivi karibuni kijana mmoja mwenye kipaji cha kweli aliniuliza: "Mzee, kama nimewashinda wote kwenye rali ya Monduli, nitashindwaje kuwaongoza?" Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na nimeona akiba za familia na urafiki wa miaka vikiteketea kwa ajili yake, kwa hiyo naona heri niijibu kwa maandishi.

Dhana yenyewe ni kwamba kasi ya dereva hugeuka kuwa uwezo wa mmiliki. Alain Prost alikuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 mara 4 na alishinda mbio 51. Mwaka 1997 aliinunua timu ya Ligier na kuipa jina lake. Katika misimu mitano timu hiyo haikushinda hata mara moja. Peugeot waliokuwa wakiipa injini walijiondoa mwishoni mwa 2000, ikabidi ikodi injini za Ferrari, na mwanzoni mwa 2002 ikafilisika. Kabla yake Emerson Fittipaldi, bingwa wa 1972 na 1974, aliiacha timu ya McLaren akiwa bado katika ubora wake ili aendeshee timu aliyoianzisha kaka yake Wilson nyumbani Brazil. Nafasi ya pili katika mbio za Brazil za 1978 ndiyo iliyokuwa kilele chao, na mwaka 1982 milango ilifungwa. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba watu hao wawili hawakujua kuendesha.

Sasa watazame wengine. Frank Williams alikimbia katika madaraja ya chini bila mafanikio ya kukumbukwa, timu yake ya kwanza ikaishia mikononi mwa mtu mwingine, akaanza upya mwaka 1977 pamoja na mhandisi Patrick Head, na hatimaye akachukua ubingwa wa watengenezaji, yaani ule wa timu badala ya dereva, mara 9. Katika rali, Malcolm Wilson alikuwa bingwa wa Uingereza mwaka 1994 lakini hakuwahi kushinda hata raundi moja ya ubingwa wa dunia. Hata hivyo kampuni yake ya M-Sport iliipa Ford ubingwa wa watengenezaji mwaka 2006 na 2007, na dereva Sébastien Ogier akawa bingwa wa dunia katika gari lake mwaka 2017. Mteja wangu anaposikia majina haya huniambia kwamba ni bahati. Mtu hapati bahati miaka 20 mfululizo.

Sababu ni kwamba kazi hizi mbili hudai tabia zinazopingana. Dereva bora hujifungia ndani ya sekunde aliyomo, hutaka kila kitu sasa hivi, na ana haki ya kudai shokomzoba mpya bila kuuliza bei. Mmiliki anatakiwa kujua kwamba shokomzoba hizo zimekwama forodhani, kwamba fundi atakayezifunga hajalipwa mwezi uliopita, na kwamba zikifungwa leo hakutakuwa na za akiba katika mbio zinazofuata. Katika rali moja kwenye vumbi la Monduli nilimtazama mmiliki aliyekuwa pia dereva akiingia sevisi, yaani muda wa kutengeneza gari katikati ya mbio, ya dakika 30. Alishuka na helmeti kichwani, akamwondoa fundi aliyekuwa akifungua boljointi ya mbele ili akakague rejeta, akamvuta wa pili kutoka chini ya difu amsimulie sauti aliyoisikia njiani, kisha akapokea simu ya mdhamini. Boljointi ilirudishiwa harakaharaka, nati za gurudumu moja zikaja kukazwa barabarani na msoma ramani, yule anayekaa kando ya dereva kumwongoza njia, na gari likaripoti kwenye kituo cha muda, ambako kila gari lina dakika yake ya kufika, likiwa limechelewa dakika 4. Kila dakika ya kuchelewa ni adhabu ya sekunde 10, na sekunde 40 hazirudishwi katika hatua fupi mbili za kushindania muda zilizobaki, hata kwa dereva aliyekuwa mwepesi kuliko wote siku ile.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko karibu na sisi. Ove Andersson, Msweden aliyeshinda Safari Rally mwaka 1975 akiwa na Peugeot 504, ndiye aliyejenga timu ya Toyota barani Ulaya, na timu hiyo ikashinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 kwa Celica iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, wakati Audi na Peugeot walileta magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Hakuwashinda kwa kasi. Alijua, kama mtu aliyewahi kufika mwisho wa Safari, kwamba matope na mawe ya Afrika Mashariki huvunja gari la haraka kabla ya gari imara, kwa hiyo akaweka fedha kwenye uimara, majaribio na huduma ya njiani. Hapo ndipo uzoefu wa dereva unapomfaa mmiliki: kujua kitakachovunjika, na kukinunua mapema.

Dhana nyingine potofu nitazipitia kwa kifupi. Wapo wanaoamini kwamba mmiliki anaweza kuendelea kuendesha, na mfano wao ni Jack Brabham, dereva pekee aliyepata ubingwa wa dunia, mwaka 1966, katika gari lenye jina lake. Ni kweli kabisa, ila wanasahau kwamba aliyelichora gari hilo alikuwa mshirika wake Ron Tauranac, mtu aliyekuwa na mamlaka yake kamili katika kazi hiyo. Kama huna mtu anayeweza kukukatalia mbele ya mafundi, usiendeshe gari la timu yako.

Wapo pia wanaodhani timu hufa na mwenyewe. Bruce McLaren alifariki tarehe 2 Juni 1970 akijaribu gari huko Goodwood, Uingereza, na mwaka 1974 timu yake ikatwaa ubingwa wa dunia wa madereva na wa watengenezaji. Ilidumu kwa sababu marehemu aliacha watu wenye majukumu yanayojulikana, jambo ambalo timu nyingi za kwetu hazina hata mwenyewe akiwa hai.

Ipo dhana kwamba makosa ya kiufundi ni ya fundi peke yake. Mwaka 1995 timu hiyohiyo ya Andersson ilikutwa kwenye rali ya Catalunya, Hispania, na kifaa haramu kwenye kizuizi kinachopunguza hewa inayoingia kwenye turbo, ikafutiwa pointi na kufungiwa miezi 12. Adhabu iliandikwa kwa jina la timu nzima, pamoja na madereva wasiokishika kifaa hicho.

Ya mwisho ni ile ya kumwona msoma ramani kama abiria. David Richards alikuwa msoma ramani wa dereva Ari Vatanen walipochukua ubingwa wa dunia mwaka 1981, na miaka michache baadaye akaanzisha Prodrive, kampuni iliyoendesha magari ya Subaru ya dereva Colin McRae. Sishangai. Msoma ramani ndiye anayeshika muda, karatasi za udhibiti na hesabu ya mafuta, na ndiye anayejua sevisi ilichelewa kwa kosa la nani. Wateja wangu wanaotafuta meneja wa timu humtafuta kwa madereva waliostaafu. Mimi huwaambia waanze na yule anayekaa kiti cha kushoto, wampe daftari la stoo na la fedha kwa msimu mmoja kamili, na wasimwingilie kabla msimu haujaisha.