Kifini na Kiswidi si ndugu

Wengi huamini kwamba Kifini ni ndugu wa Kiswidi kwa kuwa Ufini na Uswidi zinapakana. Sivyo. Kiswidi, Kidenmaki, Kinorwei na Kiaislandi ndizo ndugu hasa, lugha zilizotokana na Kinorsi cha kale walichozungumza Waviking, mabaharia wa zamani wa kaskazini mwa Ulaya. Kifini ni cha ukoo wa Kiurali, pamoja na Kiestonia, Kisami na, kwa mbali, Kihungaria.

Sikiliza wanavyohesabu moja, mbili, tatu. Mswidi: ett, två, tre. Mdenmaki: en, to, tre. Mfini: yksi, kaksi, kolme!

Kinachowachanganya watu ni historia. Uswidi iliitawala Ufini kwa karne nyingi, hadi 1809, na Kiswidi kingali lugha rasmi huko. Hata neno la Kifini tuoli, yaani kiti, limetokana na stol la Kiswidi.