Windows haijafa, faili za kuwashia ziko diski nyingine
Umechomoa diski ya zamani, kompyuta imegoma kuwaka, na fundi anasema Windows kwenye SSD (diski ya kasi) mpya imeharibika, ipigwe upya. Mara nyingi si kweli! Wakati wa kusakinisha, Windows ikikuta sehemu ya EFI (kipande kidogo cha diski kinachobeba faili za kuwashia) kwenye diski nyingine, mara nyingi huweka faili za kuwashia humo humo, hata kama ulichagua SSD.

Rudisha diski ya zamani, uwashe. Kwa diskpart (programu ya Windows ya kugawa diski), punguza C: kwenye SSD (iwe ya GPT, yaani mtindo mpya wa kugawa diski), tenga MB 260 ziwe sehemu ya EFI, zifomati kwa FAT32 (aina ya mfumo wa faili), zipe herufi S. Kisha fungua Command Prompt (dirisha la amri) ukiwa msimamizi, uandike amri hii ya kuweka faili za kuwashia kwenye S:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Zima, chomoa ile ya zamani, washa. Picha na nyaraka zako zilizo kwenye SSD zote zimo.