Marion Motley Hapimwi kwa Jumla ya Yadi

Kila ninapowataja wakimbiaji bora wa futiboli ya Kimarekani, huletewa hoja ileile: kwamba Marion Motley wa Cleveland Browns amekuzwa kupita kiasi, kwa kuwa ana yadi 4,720 tu alizosonga mbele akikimbia na mpira, ilhali Jim Brown, aliyekuja baadaye kwenye timu hiyohiyo, ana 12,312. Nimechoka kuijibu nusunusu, kwa hiyo leo naijibu yote.

Motley alikimbia na mpira mara 828, yaani wastani wa yadi 5.7 kila alipopewa. Wastani wa Jim Brown ni 5.2. Anayetaja jumla bila kutaja idadi ya mbio hajampima mkimbiaji. Amepima maamuzi ya kocha, na kocha Paul Brown alimtaka Motley, fulbeki (mkimbiaji mzito anayesimama nyuma ya mstari) wa zaidi ya kilo 100, amkinge kwanza Otto Graham, kwotabeki, yaani mrusha pasi wa timu. Graham aliporudi nyuma kutafuta wa kumpasia, Motley alibaki mbele yake, magoti yamekunjwa, akimngoja mpinzani aliyeponyoka mstari wa mbele, kisha akamkabili kifuani na kumzuia palepale. Pasi ikifika, takwimu humwandika Graham na aliyeidaka. Aliyeiwezesha haandikwi popote. Katika misimu yake ya mwanzo alicheza pia upande wa ulinzi, kama lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele, na kazi hiyo nayo haimo katika zile yadi.

Lipo jambo moja linalonitatiza kweli. Mara nyingi Graham alijifanya anapiga pasi, wapinzani wakamvamia, naye akamkabidhi Motley mpira, aukimbize kupitia nafasi waliyoiacha wazi. Wastani wake kwa hiyo unadaiwa kwa kiasi fulani na hofu waliyokuwa nayo wapinzani kwa mkono wa Graham, na sijapata njia ya kutenganisha mchango wa mmoja na wa mwingine.

Wengine husema alivuna yadi hizo katika AAFC, ligi dhaifu iliyoshindana na NFL, ligi kuu ya mchezo huu, ambayo Browns waliitwaa mara zote 4, kuanzia 1946 hadi 1949. Ni kweli kwamba huko wastani wake ulizidi yadi 6. Lakini Browns walipoingia NFL mwaka 1950 walitwaa ubingwa msimu uleule, na Motley akaongoza ligi nzima kwa yadi 810 katika mbio 140, yaani wastani wa 5.8. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo, dhidi ya Pittsburgh Steelers, alipata yadi 188 kwa mbio 11 tu. Baada ya hapo magoti yalianza kumwangusha.

Wanaohesabu jumla husahau pia alianza lini. Alizaliwa Leesburg, Georgia, mwaka 1920, akakulia Canton, Ohio, akacheza Chuo Kikuu cha Nevada, kisha vita vikampeleka kwenye jeshi la majini. Tangu 1934 hadi 1945 NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Motley na Bill Willis, wote weusi, walisajiliwa na Browns mwaka 1946, mwaka uleule ambao Kenny Washington na Woody Strode, nao weusi, walijiunga na Los Angeles Rams ya NFL, na mwaka mmoja kabla ya Jackie Robinson, mweusi pia, kuichezea Brooklyn Dodgers katika besiboli. Motley alikuwa na umri wa miaka 26. Hata msimu huo wa kwanza, yeye na Willis waliachwa nyuma timu iliposafiri kwenda Miami, kwa sababu ya vitisho dhidi yao.

Mwaka 1968 aliingizwa katika Jumba la Umashuhuri la futiboli ya kulipwa, lililoko Canton, akiwa mchezaji mweusi wa pili baada ya Emlen Tunnell. Gale Sayers wa Chicago Bears, ambaye naye magoti yalimkatisha mapema, alistaafu na yadi 4,956 kwa wastani wa 5.0, na wanaombeza Motley humweka Sayers miongoni mwa bora bila ubishi. Ninachodai ni kwamba Motley apimwe kwa kipimo hichohicho.