Openning, writting, developped: nani aliwaambia muongeze herufi?

Barua za kuomba kazi ninazoletewa nizisahihishe huanza hivi mara nyingi mno: "I am writting". Aya ya pili nakutana na "openning". Nikikata herufi iliyozidi, mwenye barua hunitetea kosa lake: "Mwalimu, si tulifundishwa kwamba neno likiishia irabu moja na konsonanti moja, konsonanti inaongezwa?"

Mlifundishwa nusu. Kanuni hiyo inatosha kwa maneno ya silabi moja: stop, stopping, run, running, big, bigger. Silabi zikifika mbili au zaidi, anayeamua ni mkazo. Ukiangukia silabi ya mwisho, ongeza: begin, beginning, admit, admitted, occur, occurred. Ukiangukia kwingine, acha herufi moja: open, opening, visit, visited, develop, developed. Tazama prefer: preferred ina r mbili, lakini preference ina moja, kwa kuwa mkazo umehamia mwanzoni.

Hapa ndipo tunapojikwaa wengi wetu. Mkazo wa Kiswahili hukaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo begin tunaitamka kwa mdundo ule ule wa open, kisha tunashangaa kwa nini moja inaongezwa n na nyingine haiongezwi. Ila sikio tunalo. Hakuna anayechanganya barabara ya magari na barabara ya "sawasawa", na tofauti yake ni mkazo tu. Wanafunzi wangu nawaambia walitamke neno huku wakigonga meza, na kofi zito liangukie silabi yenye nguvu. Ukiwa na shaka fungua kamusi: kwenye matamshi, kile kistari kidogo cha juu hukaa kabla ya silabi yenye mkazo. Yapo machache yanayokaidi, kama kidnapped na worshipped, hayo yakariri.

"Lakini written ina t mbili!" Ndiyo, kwa sababu irabu yake imekuwa fupi. Writing inatoka kwa write. E inadondoka, t inabaki peke yake. Vivyo hivyo hope huzaa hoping. Ukiandika "I am hopping to hear from you", umemwambia mwajiri kwamba unaruka kwa mguu mmoja.

Travelling nayo si kosa, hata simu ikiichorea mstari mwekundu. Waingereza huongeza l hata pasipo mkazo. Wamarekani huandika traveling, na ndivyo Noah Webster alivyoiandika katika kamusi yake ya 1828. Shule zetu zinafuata tahajia ya Uingereza, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya simu uchague Kiingereza cha Uingereza, leo hii, kabla hujaandika barua nyingine.

W, x na y haziongezwi hata siku moja: showing, fixing, playing.

Na wale wa "committment": kanuni yote hii inahusu viambishi vinavyoanza na irabu. Committed ina t mbili kwa sababu ya -ed. Kiambishi -ment kinaanza na konsonanti, basi commitment ina t moja kabla yake.