Cheni inayolia alfajiri: anza na oili kabla hujafungua injini

Kelele ya cheni ya taimingi inayotokea wakati wa kuwasha alfajiri huwezi kuipata mchana. Mteja anatoka Igawilo, anafika hapa kwetu Mwanjelwa saa tatu asubuhi, injini imeshapata moto, oili imeshapanda hadi juu, na gari limetulia kabisa. Anasisitiza: "Fundi, asubuhi lilikuwa linalia kama debe la misumari." Namwamini. Ndiyo maana nikiambiwa habari ya kelele ya kuwashia, sifungui hata boneti siku hiyo. Naomba gari lilale gerejini, na kesho yake nawahi saa kumi na mbili kabla mtu yeyote hajaliwasha.

Huku kwetu hilo lina uzito. Mbeya mjini ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai alfajiri baridi hushuka chini ya nyuzi joto 10. Oili iliyolala kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, usiku kucha inakuwa nzito, na cheni ya haya magari madogo tunayoendesha, IST, Vitz, Passo, inaitegemea hiyo oili ili ikazwe.

Iko hivi. Krenki shafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, inaizungusha cheni, na cheni inazungusha kamshafti zinazofungua na kufunga valvu. Upande mmoja cheni inapita kwenye kipande kirefu cha plastiki ngumu kisichosogea. Upande wa pili kuna kipande kingine, na hicho kinasukumwa na kikaza cheni, mafundi tunakiita tenshena. Tenshena ni pistoni ndogo yenye springi ndani. Springi inashikilia kidogo tu. Kazi kubwa inafanywa na presha ya oili. Ukizima gari, presha inaondoka. Ukiwasha, kuna muda mfupi ambapo cheni imebanwa na springi peke yake, na muda huo ukirefuka cheni inalegea na kuchapa plastiki. Chakarachakara.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama cheni imechakaa, nauliza oili inachukua muda gani kufika kwenye tenshena.

Mwezi wa sita mwalimu mmoja wa Tukuyu alileta IST yenye injini ya 1NZ. Alikuwa ameshabadilishiwa cheni kwenye gereji nyingine, kwa pesa aliyoiweka kwa ajili ya bati za nyumba yake, na hata miezi miwili haikuisha kelele ikarudi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Fundi, cheni mpya, kelele ileile."

Gari likalala. Alfajiri nikapiga stata huku nikihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, ndipo ikanyamaza. Taa ya oili ilikuwa imezimika tangu nilipofika mbili. Taa hiyo inawadanganya wengi, maana huzimika presha ikiwa bado haijafika hata bar moja. Nikavuta kijiti cha kupimia oili. Oili ilining'inia kwenye ncha kama asali, haitaki kudondoka. Mwalimu akaniambia aliuziwa SAE 40, oili nzito, kwa maneno kwamba gari la zamani linataka oili nzito. Ushauri huo unaniuma kila ninapousikia, kwa sababu injini hii ilitengenezwa kwa oili nyepesi, na kwa baridi ya huku 5W-30, ambayo ni nyepesi, ndiyo inayofika juu haraka.

Siku ya pili alfajiri sikuwasha. Nilifungua filta ya oili kwanza. Filta nzima hutoka na oili yake ndani, inakuchafua mikono. Hii ilitoka nyepesi. Nilipoiinamisha, vikadondoka vitone viwili. Ndani ya filta, nyuma ya vile vitundu vya pembeni, kuna duara la mpira linalozuia oili isirudi kwenye sampo gari likizimwa. Nikalisukuma kwa bisibisi ndogo. Linatakiwa liwe laini, lirudi lenyewe. Hili lilikuwa gumu kama kandambili iliyoachwa juani. Kila usiku oili ilikuwa inashuka yote, na kila asubuhi pampu ilikuwa inaanza upya kujaza filta na njia zake kwa oili nzito.

Cheni ya zamani alikuwa nayo kwenye buti, ndani ya mfuko wa rambo. Nikaomba cheni mpya kwa jirani muuza spea, nikazitundika zote mbili kwenye msumari mmoja ukutani na kuzivuta chini pamoja. Zilishuka sawasawa. Mwalimu alizitazama, hakusema neno.

Watu wanasema cheni imevutika, lakini chuma chenyewe hakivutiki. Kinacholika ni pini na matundu yake, kila kiungo kidogo sana, na ukijumlisha viungo vyote cheni inakuwa ndefu. Oili chafu inayokaa muda mrefu ndiyo inayosaga pini hizo.

Cheni iliyokwisha kweli haina siri. Inalia hata injini ikiwa ya moto. Inalia zaidi ukipandisha resi kisha ukaachia mafuta ghafla, kama unavyoachia ukishuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela. Mashine ya kusoma makosa inaweza kukupa P0016, yaani krenki na kamshafti hazisomani sawa. Ukifungua kava ya cheni unakuta michirizi ndani, tenshena imetoka karibu yote, na vipande vya plastiki kwenye sampo. Hapo usiliendeshe gari hata kwenda sokoni. Cheni ikiruka meno, pistoni inakutana na valvu, na gharama inayofuata si ya cheni tena.

Kutofautisha milio kunataka sikio na subira. Kamshafti inazunguka nusu ya kasi ya krenki, kwa hiyo mlio wa valvu ni tik, tik, tik wa juu, wa taratibu. Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, inagonga chini, mlio mzito, na ukichomoa koili ya silinda yake unapungua. Cheni haina pigo moja. Inachakarika mfululizo, upande wa mikanda. Mimi natumia bisibisi ndefu, mpini sikioni na ncha kwenye kava ya cheni, mikono ya shati nimeikunja, mbali na mkanda. Altaneta au wota pampu nikiishuku, natoa mkanda na kuwasha kwa muda usiozidi dakika moja, kwa sababu wota pampu nayo imesimama. Na usisahau bati la ekzosi. Barabara zetu za vumbi hulegeza bolti zake, na linatetemeka kama cheni kabisa. Liguse kwa kipande cha mti gari likiwa silensa, yaani linaunguruma bila kukanyaga mafuta; mlio ukikatika, ni bati. Gia ya VVT-i, ile ya kwenye kamshafti inayobadilisha muda wa valvu kufunguka, nayo hukoroma sekunde moja tu inapowashwa, halafu kimya.

IST ya mwalimu niliiwekea filta nzuri na 5W-30 lita 3.7, kipimo chake pamoja na filta, ingawa wengi humimina galoni lote la lita 4. Filta niliijaza oili kwanza kadiri ilivyokubali. Cheni sikuigusa.

Baada ya wiki alipiga simu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nasikia injini nyuma yake.

"Fundi, nimehesabu siku zote saba. Haifiki mbili."