Maana ya tathmini ya mafunzo kwa maafisa elimu wa wilaya

Tathmini ya mafunzo ni utaratibu wa kupima iwapo mafunzo yamebadilisha kazi ya waliofunzwa, na iwapo badiliko hilo limetokana kweli na mafunzo hayo. Nchini Uganda jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 iliziachia wilaya usimamizi wa shule za msingi mwaka uleule ambao mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, ulijaza madarasa. Afisa elimu wa wilaya na wakaguzi wake ndio wanaosimama kati ya wizara iliyoko Kampala na mwalimu mkuu aliyeko kijijini.

Mfumo unaojulikana zaidi ni ule ulioasisiwa na Donald Kirkpatrick wa Marekani katika makala zake za 1959. Hutazama ngazi nne: washiriki waliyapokeaje mafunzo, walijifunza nini, wanafanya nini tofauti wakirudi kazini, na hatimaye kazi yenyewe imezaa nini. Tathmini nyingi huishia ngazi ya kwanza, yaani fomu inayojazwa alasiri ya siku ya mwisho, na ni nadra mtu anayesubiri posho yake kuandika kwamba mwezeshaji alichosha.

Ngazi ya tatu ndiyo yenye manufaa zaidi, na ndiyo inayodai maandalizi. Ikiwa wakaguzi wamefundishwa kuandika ripoti za ukaguzi, mtathmini huchukua ripoti zao za kabla ya mafunzo, azilinganishe na zile za miezi kadhaa baadaye, kisha aende shuleni kuuliza kama ripoti hiyo iliwahi kumfikia mwalimu mkuu na kamati ya usimamizi wa shule. Asipokusanya ripoti za awali mapema, hatakuwa na cha kulinganisha.

Kwenda shuleni si hiari. Utafiti maarufu wa kufuatilia fedha za umma ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi za Uganda zilipokea, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku waliyotengewa wanafunzi, bila kuhesabu mishahara. Pengo hilo lilionekana kwa sababu watafiti walikagua hesabu za shule zenyewe, badala ya kuridhika na kumbukumbu za serikali.

Matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, PLE, ambayo wafadhili huyapenda, ni kipimo cha mbali mno: yanategemea walimu, chakula cha mchana, umbali wa shule na mengine mengi. Afadhali kulinganisha wilaya zilizofunzwa na zile zitakazofunzwa katika awamu ijayo. Hata hapo, mkaguzi aliyefuzu vizuri anaweza kushindwa kuzifikia shule kwa kukosa petroli ya pikipiki, na tathmini ya haki huandika hivyo waziwazi badala ya kupendekeza semina nyingine.